Otto Ohlendorf: Afisa wa SS aliyenyongwa na taarifa zake mwenyewe

Januari 3, 1946, katika mahakama ya kimataifa mjini Nuremberg, upande wa mashtaka ulimwita shahidi ambaye wengi ukumbini hawakuwa wakimjua. Alikuwa mwanamume wa miaka 38, nadhifu, mwenye Kijerumani cha msomi. Kanali John Harlan Amen wa Marekani alimuuliza kikosi alichokiongoza kusini mwa Urusi kiliua watu wangapi. Shahidi akajibu kwamba kati ya Juni 1941 na Juni 1942 vikosi vyake viliripoti kuuawa kwa watu 90,000. Wanawake na watoto wakiwamo? Ndiyo, wakiwamo.

Baadaye Jenerali Nikitchenko, jaji kutoka Urusi ya Kisovieti, alilirudia swali la watoto. Waliuawa kwa nini? Kwa sababu amri, alieleza shahidi, ilikuwa kuwamaliza Wayahudi wote. Watoto wote wa Kiyahudi waliuawa? Ndiyo.

Shahidi huyo aliitwa Otto Ohlendorf, afisa wa SS mwenye cheo kinacholingana na luteni jenerali. Siku hiyo hakuwa mshtakiwa. Hermann Göring na viongozi wenzake wa Kinazi waliokuwa kizimbani walikuwa wamekana mashtaka yote, lakini huyu, ambaye hakuna aliyekuwa amemfungulia kesi, alisimulia mambo yake kwa utaratibu kama ofisa anayewasilisha ripoti ya mwaka kwa mkubwa wake. Na kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tangu ujana alipanda ngazi kwa kukusanya habari, kuziandika vizuri na kuzifikisha juu.

Wengi wetu tunapomfikiria muuaji wa Kinazi tunamwona mlevi mwenye mjeledi na mbwa mkali. Watu wa namna hiyo walikuwapo, tena wengi. Lakini tukiishia hapo hatutaelewa jinsi dola ile ilivyoweza kuua kwa wingi na kwa kasi namna ile. Ilihitaji wasomi.

Mtoto wa mkulima, mwanachama wa mapema

Ohlendorf alizaliwa Februari 4, 1907, Hoheneggelsen, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Hildesheim, kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka 1925, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alijiunga na chama cha Nazi. Wakati huo hakukuwa na maslahi yoyote ya kufuata huko. Hitler alikuwa ametoka gerezani miezi michache tu nyuma, chama chake kilikuwa kidogo, na Wajerumani wengi walikiona kuwa genge la wahuni. Mwaka uliofuata kijana huyu akaingia SS, ambayo wakati huo ilikuwa kundi dogo la walinzi wa viongozi wa chama. Namba yake ya uanachama ilikuwa 880. Miaka ya baadaye, SS ilipokuwa na mamia ya maelfu ya watu, mwenye namba ndogo namna hiyo aliheshimiwa kama mwanachama mwenye kadi ya kwanza kwanza anavyoheshimiwa popote pale.

Alisoma sheria na uchumi katika vyuo vikuu vya Leipzig na Göttingen. Mwaka 1931 alikwenda Pavia, Italia, kuuchunguza ufashisti wa Mussolini kwa macho yake. Cha kushangaza, hakuupenda. Aliona dola ya Mussolini inammeza raia, na akarudi nyumbani akiamini kwamba Unazi lazima uwe kitu bora kuliko ule. Huyu alikuwa muumini aliyetaka chama chake kiwe safi zaidi, na aliwakera wakubwa kwa sababu hiyo hiyo. Heinrich Himmler mwenyewe, mkuu wa SS, alimwona kama mtu anayejifanya mlinzi wa imani kuliko wenye imani yao.

Mwaka 1933 alipata kazi katika taasisi ya uchumi wa dunia mjini Kiel, msaidizi wa Profesa Jens Jessen. Miaka mitatu baadaye mwanasheria mmoja wa SS, Profesa Reinhard Höhn, alimvuta kwenye idara ya usalama ya SS, iliyojulikana kwa kifupi chake cha SD. Hawa wawili, Jessen na Höhn, wanastahili kutazamwa kidogo. Jessen, aliyeanza kama mfuasi wa Hitler, alibadilika, akaingia katika mtandao wa waliotaka kumwondoa, na baada ya jaribio la Julai 1944 la kumuua Hitler kushindwa akahukumiwa na kunyongwa Novemba mwaka huo huo katika gereza la Plötzensee, Berlin. Höhn alinusurika vita, na mwaka 1956 akafungua chuo cha mameneja katika mji wa Bad Harzburg, ambako maelfu kwa maelfu ya wakuu wa makampuni ya Ujerumani Magharibi walifundishwa namna ya kukasimu madaraka. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 95. Mwanafunzi wao alikuwa na walimu wawili wa kuwaiga, akamchagua wa pili.

Sikio la dola

Septemba 1939, vita ilipoanza, vyombo vya upelelezi vya Ujerumani viliunganishwa chini ya ofisi moja kuu ya usalama iliyoongozwa na Reinhard Heydrich. Ohlendorf, akiwa na miaka 32, akawa mkuu wa idara ya tatu ya ofisi hiyo: upelelezi wa ndani ya nchi. Kazi yake haikuwa kukamata watu. Hiyo ilikuwa ya Gestapo, polisi wa siri, idara jirani. Yeye alitakiwa kujua Wajerumani wanazungumza nini.

Alijenga mtandao wa maelfu ya watoa habari: walimu, madaktari, makarani, wafanyabiashara. Wengi hawakulipwa. Walisikiliza foleni za nyama zinanung'unika nini, sinema gani inachosha watu, askari waliorudi likizo wanasimulia nini, padri amehubiri nini Jumapili. Habari hizo zilichambuliwa Berlin na kutolewa mara kadhaa kwa wiki katika taarifa za siri kwa viongozi wachache. Wanahistoria wanazitegemea hadi leo, kwa sababu katika nchi ambayo magazeti yalikuwa yanaimba wimbo mmoja, taarifa za Ohlendorf zilisema kwamba watu wamechoka, kwamba hawaamini redio, kwamba mkate ni mbaya.

Wakubwa hawakufurahi. Goebbels, waziri wa propaganda, alilalamika kwamba zinakatisha tamaa. Wasomaji wa taarifa hizo wakapunguzwa, na mwaka 1944 zikakomeshwa. Ohlendorf aliona fahari katika hilo. Alijiona mtumishi mwaminifu anayesema ukweli mbele ya wenye nguvu, na watu waliomtetea baada ya vita walilishikilia sana jambo hilo.

Mimi sioni ujasiri wowote hapo. Mpelelezi anayemweleza dikteta kwamba wananchi wananung'unika anamsaidia dikteta atawale vizuri zaidi. Mtu aliyeripotiwa kwa kunung'unika kwenye foleni hakuulizwa kama angependa maneno yake yafike Berlin.

Kusini, kuelekea Bahari Nyeusi

Juni 1941 Ujerumani ilivamia Urusi ya Kisovieti. Nyuma ya jeshi walifuata watu wapatao 3,000 wa vikosi vinne maalumu vya SS na polisi, vilivyopewa herufi A, B, C na D. Kazi yao, kwa lugha ya ofisi, ilikuwa kulinda usalama wa maeneo yaliyotekwa. Kazi halisi ilikuwa kuua: makamisaa wa chama cha Kikomunisti, Waroma, wagonjwa wa akili na, zaidi ya wote, Wayahudi. Ohlendorf alipewa kikosi D, chenye watu wapatao 500 hadi 600, kilichofuatana na Jeshi la 11 kupitia Bessarabia na kusini mwa Ukraine hadi rasi ya Krimea. Baadaye alidai kwamba alimkatalia Heydrich mara mbili kabla ya kukubali.

Utaratibu aliueleza mwenyewe mahakamani. Kikosi kikiingia mji, Wayahudi mashuhuri waliamriwa kuunda baraza na kuwaandikisha wenzao wote. Kisha walitangaziwa kwamba wanahamishiwa mahali pengine. Walikusanywa na mizigo yao, wakapelekwa kwa malori nje ya mji, mara nyingi kwenye mahandaki ya kuzuia vifaru yaliyokwisha kuchimbwa. Wakanyang'anywa vitu vya thamani, wakavuliwa nguo za juu, wakapigwa risasi.

Vikosi vingine viliua kwa risasi ya kisogoni, askari mmoja kwa mtu mmoja. Ohlendorf hakuipenda njia hiyo. Aliamuru askari kadhaa wafyatue kwa pamoja ili asiwepo mmoja atakayebeba mzigo wa kujua kwamba yeye ndiye aliyeua. Mwaka 1942 Berlin ilipomletea magari ya gesi kwa ajili ya wanawake na watoto, alilalamika tena. Kufungua milango na kutoa maiti kuliwaumiza roho watu wake. Katika kumbukumbu zinazohusu magari hayo, majeruhi anayehurumiwa ni askari wa SS. Mkaguzi aliyetumwa kuyatazama aliandika Mei 1942 kwamba magari ya kikosi D yalikuwa yamepambwa kwa madirisha bandia ili yafanane na nyumba za magurudumu, lakini wenyeji walikwisha kuyatambua na kuyaita magari ya kifo.

Na taarifa ziliendelea kuandikwa. Kati ya Septemba 16 na 30, 1941, kikosi D kiliandika kuwa kimeua watu 22,467, wengi wao wakazi wa Nikolayev na Kherson, miji ambayo, kwa maneno ya taarifa hiyo, sasa "imekombolewa" kutoka kwa Wayahudi. Karibu na siku hizo Himmler alifika Nikolayev, akawakusanya maofisa na askari na kuwaambia kwamba wao hawana jukumu lolote, jukumu lote ni lake na la Hitler. Miaka minne baadaye Himmler alimeza sumu mikononi mwa Waingereza na kuwaacha watu wake wajibu wenyewe.

Desemba 1941 ilikuwa zamu ya Simferopol, mji mkuu wa Krimea. Chakula kilikuwa haba, nyumba zilikuwa chache, na uongozi wa jeshi ulitaka kazi ya kuwaua Wayahudi imalizike kabla ya Krismasi. Jeshi lilitoa malori. Zaidi ya watu 10,000 waliuawa nje ya mji. Kwa miaka mingi baada ya vita majenerali wa Ujerumani walishikilia kwamba mauaji yalikuwa ya SS, na jeshi lilipigana tu. Simferopol inawaumbua. Erich von Manstein, aliyeamuru Jeshi la 11 wakati huo, alihukumiwa na Waingereza mwaka 1949 miaka 18 jela, akaachiwa mwaka 1953.

Huko Krimea kulizuka swali ambalo Ohlendorf alilishughulikia kwa umakini wa msomi. Rasi hiyo ilikuwa na jamii mbili ndogo zenye lugha ya asili ya Kituruki na dini inayotokana na Torati: Wakrimchaki na Wakaraimu. Je, ni Wayahudi? Swali likapelekwa Berlin. Jibu likarudi: Wakaraimu kwa damu si Wayahudi, waachwe, Wakrimchaki wauawe. Ikafanyika hivyo. Sijui kama kuna ushahidi mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi ofisi zile zilivyofanya kazi. Uhai wa jamii nzima uliamuliwa kwa barua ya kuuliza na barua ya kujibu.

Kufikia masika ya 1942 taarifa za kikosi D zilikuwa na jumla ya zaidi ya watu 90,000. Ohlendorf mwenyewe alisema alihudhuria mauaji ya halaiki mara mbili, kwa ukaguzi.

Kurudi ofisini

Katikati ya 1942 alirudi Berlin kwenye meza yake, akaendelea kusoma taarifa za foleni za nyama. Novemba 1943 aliongezewa kazi katika wizara ya uchumi, ambako alijishughulisha na mipango ya uchumi wa Ujerumani baada ya vita. Mwaka uliofuata akapandishwa cheo kuwa Gruppenführer, kile kinacholingana na luteni jenerali. Alikuwa na mke na watoto watano.

Mei 1945, Hitler akiwa amejiua, mabaki ya serikali yalikimbilia Flensburg, mpakani na Denmark. Ohlendorf alikuwako, na aliwaeleza mawaziri kwamba idara yake ya habari inafaa kuendelea, maana serikali yoyote itahitaji kujua wananchi wanafikiri nini. Waingereza walipowakamata wote alijieleza kwa wahojaji wake bila kuficha mengi. Bila shaka aliamini kwamba mtaalamu kama yeye atahitajika.

Kijana wa miaka 27 na mashine ya kujumlisha

Kilichommaliza kilikuwa kwenye majalada Berlin. Watafiti waliokuwa chini ya mwanasheria mdogo wa jeshi la Marekani, Benjamin Ferencz, walikuta mkusanyiko wa taarifa za vikosi vinne vya Mashariki: siku, mji, kikosi, idadi ya waliouawa. Ferencz alichukua mashine ndogo ya kujumlisha na kuanza kuhesabu. Alipopita milioni moja akaacha, akapanda ndege kwenda Nuremberg kumweleza mkuu wake, Telford Taylor. Taylor akamjibu kwamba hana mawakili wa kutosha wala bajeti ya kesi mpya. Ferencz akasema ataifanya yeye mwenyewe, juu ya kazi aliyokuwa nayo.

Alikuwa na miaka 27 na hakuwahi kuendesha kesi yoyote. Aliwashtaki watu 24, na hata idadi hiyo ilitokana na viti: kizimba hakikuwa na nafasi zaidi. Aliowachagua walikuwa wenye vyeo na elimu. Walikuwamo wanasheria kadhaa, mwimbaji wa opera, mchungaji wa zamani wa Kiprotestanti, na mmoja mwenye shahada mbili za udaktari. Ohlendorf akawa mshtakiwa wa kwanza kwenye orodha.

Kesi ilianza Septemba 29, 1947, mbele ya Jaji Michael Musmanno. Ferencz alimaliza kuwasilisha ushahidi wake kwa siku mbili. Hakuita mashahidi. Alisoma taarifa.

Hapo ndipo mtu wa taarifa alipoanza kuzitilia shaka taarifa. Takwimu zilizotoka kwenye kikosi chake, alisema sasa, huenda zilitiwa chumvi. Mengine hakuyakana. Alidai aliua kwa amri na kwa kujihami, kwa kuwa Hitler alijua zaidi kuliko yeye kuhusu hatari ya Wayahudi na Wakomunisti. Na watoto? Watoto wangekua na kuwa maadui wa waliowaua wazazi wao, kwa hiyo usalama wa kudumu ulihitaji nao wafe. Alilinganisha kazi yake na mabomu ya ndege yaliyoangushwa juu ya miji ya Ujerumani. Mwendesha mashtaka James Heath alimuuliza kama angeamriwa kumuua dada yake wa damu angetii. Ohlendorf alizunguka mbuyu kwa muda mrefu. Alipobanwa, akasema kwamba kama amri hiyo ingetolewa katika mazingira yale yale ya lazima ya kijeshi, angeitekeleza.

Kuna waliomsifu kwa uwazi wake, hata miongoni mwa waliomchukia. Sikubaliani nao. Mkweli husema jambo linalomgharimu kwa sababu ni kweli. Ohlendorf alisema kwa sababu hakuona kosa, na pale alipoanza kuona gharama alianza kupunguza hesabu.

Kuhusu Ferencz, msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kumkumbuka. Agosti 2011, akiwa na miaka 91, alisimama katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague na kutoa sehemu ya hoja za mwisho za mashtaka dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, aliyeingiza watoto vitani. Lubanga alipatikana na hatia Machi 2012 na kufungwa miaka 14. Ferencz alifariki Aprili 2023, akiwa na miaka 103.

Tukirudi Nuremberg, hukumu ya Ohlendorf na wenzake ilitolewa Aprili 1948. Kati ya waliofika mwisho wa kesi, 14 walihukumiwa kifo. Lakini dunia ilikuwa inabadilika upesi. Marekani sasa ilihitaji Ujerumani Magharibi dhidi ya Urusi, wanasiasa wa Bonn, mji mkuu wake, walidai huruma, na watu waliandamana mjini Landsberg, kwenye gereza lile lile ambalo Hitler aliwahi kufungwa mwaka 1924. Januari 1951 kamishna mkuu wa Marekani, John McCloy, aliwapunguzia adhabu wengi wa waliohukumiwa. Wanne tu wa kesi hii walibaki na hukumu ya kifo: Ohlendorf, Erich Naumann, Paul Blobel, na Werner Braune aliyesimamia mauaji ya Simferopol. Walinyongwa Landsberg Juni 7, 1951. Ohlendorf alikuwa na miaka 44.

Wenzao waliondoka gerezani mmoja mmoja, wa mwisho mwaka 1958. Miongoni mwa hao wa mwisho alikuwa Dk. Martin Sandberger, mwanasheria aliyeongoza kikosi huko Estonia na kuhukumiwa kifo siku moja na Ohlendorf. Alipata kazi ya mshauri wa sheria katika kampuni, akastaafu, na akafariki katika makao ya wazee mjini Stuttgart Machi 30, 2010, akiwa na miaka 98.